Bomba Nililoliziba kwa Mkono Wangu

Siku niliyosifiwa na bosi kuliko siku zote za maisha yangu ndiyo siku niliyoanza kumuua mwanangu.

Usinihukumu bado. Soma kwanza.

Naitwa Stephano, fundi bomba. Kwetu ni milimani Uluguru, upande wa Kinole. Nilikuwa nafanya kazi kwenye hoteli moja ya watalii, chini ya kijiji chetu, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Ina bwawa la kuogelea. Ina bustani inayomwagiliwa asubuhi na jioni.

Maji yake yanatoka kwenye chemchemi juu msituni. Bomba linashuka, linakatiza kijijini kwetu bila koki hata moja. Linapita tu, kama msafara wa mkubwa.

Nilikuwa nalala hukohuko kazini. Nyumbani naenda mara moja kwa wiki mbili.

Siku hiyo meneja wetu, Jackson, akaniita.

"Stephano, presha imeshuka, wageni wanalalamika. Kuna watu wametutobolea bomba huko juu. Nenda kazibe."

Nikapanda. Nililiona fasta: tundu dogo kwenye migomba, limechomekwa kijiti, juu limefungwa mpira wa tairi. Kazi safi. Aliyetoboa alikuwa mtu wa adabu, akishachota anafunga.

Nilijua ni mtu wa kwetu. Nikajisemea, kazi ni kazi. Nikakata kile kipande, nikaunga kipya, nikafukia. Nikashuka bila hata kupita nyumbani.

Jackson alinipigapiga begani. "Wewe ni mwanaume wa shoka! Wiki ijayo chukua siku tatu, kasalimie familia."

Basi wiki iliyofuata nikapanda kwetu roho nyeupe, nina mkate na kigauni cha Hosiana, binti yangu wa mwaka mmoja na miezi minane.

Nilimkuta mke wangu, Yuliana, amempakata. Macho ya mtoto yameingia ndani. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

"Tangu lini?"

"Juzi. Anaharisha maji matupu. Kila ninachompa anatapika."

"Umemkorogea chumvi na sukari?"

"Nimemkorogea, baba Hosiana. Lakini maji ni hayo ya mtoni, na mvua hizi mto umegeuka tope. Nachemsha kuni zikikubali kuwaka."

Tukashuka zahanati mbio, tunapokezana kumbeba na shemeji yangu Castory, mdogo wake Yuliana. Njia inateleza, tunaanguka, tunainuka.

Nesi alianza kutafuta mshipa kabla hatujamaliza kusalimia. Hakuupata.

"Wapelekeni wenu mjini Morogoro, sasa hivi," alituambia sisi na mama mwingine aliyekuwa na mtoto kama wetu. "Hapa dripu ziliisha jana."

Tulipata bodaboda. Kona ya pili tu, Yuliana akamgusa dereva mgongoni.

"Kaka, simama. Hamna haraka tena."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua linawaka, watu wanakwenda sokoni.

Tulimzika kesho yake. Castory ndiye aliyechimba kaburi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye mtoto. Hoteli ilituma pole: katoni sita za maji ya chupa, ya waombolezaji.

Siku ya tatu, watu wametawanyika, nikamuuliza Yuliana. "Mwaka mzima mtoto hajaumwa tumbo. Kwa nini sasa hivi?"

Alikunja kigauni cha Hosiana, akakiweka magotini.

"Tulikuwa na tundu kule kwenye migomba," akasema. "Nilitoboa mimi. Nikakuficha, maana ungejua, ingebidi uchague kati yetu na kazi. Kuna mtu akaja akaliziba. Tukarudi mtoni."

Nikaitazama mikono yangu.

"Ni mimi, Yuliana."

Hakulia. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alfajiri nilichukua msumeno, nikalikata lile bomba palepale. Maji yakaruka. Akina mama wakaja na ndoo, wengine wanacheka, wengine wanalia. Mchana wake nikapigiwa simu: huna kazi.

Sikujali. Kwa siku tisa kijiji kilikunywa maji safi.

Siku ya kumi nikasikia hoteli imepata fundi mpya, yupo juu anaziba. Nikakimbilia huko na panga mkononi. Potelea mbali, nilisema, leo patachimbika.

Nikamkuta amepiga magoti kwenye tope.

Castory.

Mjomba wa Hosiana. Kazi ya bomba nilimfundisha mwenyewe.

"Shemeji, usinitazame hivyo," akasema, hakuthubutu kuinua uso. "Nina watoto wanne. Nisipoziba mimi, ataziba mwingine. Sasa hawa wangu watakula nini?"

Panga lilinishinda kuinua. Lile jibu nilikuwa nimeshajipa mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti palepale. Niligeuka nikaondoka.

Juzi amekuja mtaalamu wa afya kutufundisha kunawa mikono kwa maji tiririka. Watu walipiga makofi, wakamshukuru. Kisha wakabeba ndoo zao, wakashuka mtoni. Yuliana alikuwa mbele. Mpaka leo hajanisemesha.

Ndugu yangu unayesoma, ukisikia mtoto wa maskini amekufa kwa kuharisha, usikimbilie kusema mama yake mchafu. Uliza kwanza maji yanakwenda kwa nani, na ni nani kati yetu analipwa kuhakikisha hatuyapati.