Fidana na Kamba ya Kengele

Asubuhi ile ya mashindano ya baiskeli, mbele ya kanisa la mji wa Bratsigovo, Fidana alikuwa na kila sababu ya kuwa hoi. Jana yake alipika supu ya dengu kwa shule nzima, akasugua masufuria, kisha akapandisha mlima kwa baiskeli hadi kwake Rozovo kama afanyavyo kila siku tangu basi la jioni lilipofutwa. Baiskeli yenyewe ni ya mwanawe, aliyeiacha bandani alipokwenda Ujerumani. Lakini hakuwa na chembe ya uchovu. Moyo ulimwenda mbio hata kabla miguu haijaanza. Alitazama mnara wa kengele, kazi ya mikono ya mababu waashi wa mji huu, akaiona kamba ikining'inia nyuma ya mlango ulioachwa wazi.

Kamba ile ndiyo aliyoitaka. Vijana wana vikombe vyao na picha zao. Sisi tuliovuka hamsini tuna kengele. Anayerudi wa kwanza miongoni mwa wazee ndiye anayeipiga, na akiipiga, mji mzima huinua vichwa. Fidana amelisha watoto wa mji huu hadi wakawa wazazi na kuleta wa kwao, na bado wengi wanaujua mkono wake tu, ule unaotoa sahani dirishani. Alitaka wamtazame mara moja tu.

Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho kilisimama mbele yake kimevaa fulana ya njano. Ni Zapryan, mwenye kiwanda cha mbao, msimamizi wa ndoa yake.

Kwetu msimamizi wa ndoa si mtu wa kusimama kwenye picha halafu basi. Ndiye anayeketi kwanza mezani, anayemega mkate kwanza, anayepita mlangoni kwanza. Laana yake huogopwa kuliko radi. Sasa Zapryan ana moyo mkubwa na mfuko usiobana, kwa hiyo amesimamia karibu nusu ya ndoa za Bratsigovo, na matokeo yake ni kwamba tangu mashindano haya yaanze hakuna mzee mwenye akili timamu aliyethubutu kumpita. Humfuata nyuma wote kama bata waendao mtoni, wakihema kwa kujifanya. Kisha yeye huipiga kengele kama anayekung'uta zulia. Kioja ni kwamba mwenyewe hajui! Anaamini kabisa kuwa ni miguu yake inayoshinda. Kila mwaka, mwezi mzima kabla ya siku hiyo, huacha kunywa rakia, ile pombe kali ya matunda, jambo alilomkatalia hata daktari.

Fidana alikuwa amejiandaa tangu Jumapili ya Msamaha, kabla ya Kwaresima, siku ambayo wadogo huwaendea wakubwa kuomba radhi. Alimpelekea Zapryan halua, akainama, akambusu mkono na kusema, "Nisamehe, baba msimamizi, kwa niliyokukosea na nitakayokukosea." Zapryan, mdomo umejaa halua, akajibu, "Umesamehewa, na Mungu akusamehe." Blagoy, mumewe, alimkata jicho. Njiani akamuuliza, "Hiyo 'nitakayokukosea' umeitoa wapi?" Fidana akamwambia ni ulimi tu uliteleza.

Lakini Blagoy hakudanganyika. Asubuhi ile alimshika usukani wa baiskeli.

"Fidana, nakusihi. Usituletee balaa."

"Balaa gani? Naenda kuendesha baiskeli."

"Nakujua mimi. Ukiwa kimya hivi, kuna kitu kiko jikoni."

"Nenda ukapange mikate yako ya banitsa pale chemchemi, na usiile yote."

Wakaondoka. Hadi Peshtera ilikuwa mteremko wa starehe, watu wakitaniana, minyororo ikiimba. Baada ya hapo barabara iliinuka, maneno yakapungua. Zapryan mbele, wazee nyuma. Walipoingia Batak kati ya zile nyumba kongwe za mawe na mbao, vibibi walikuwa wamekwisha toka vibarazani wakipiga makofi, na Sabi, mwenye bucha, akamsogelea Fidana.

"Mbona unashika breki mlimani, mama wa supu? Hii ni mara ya kwanza nasikia breki zikilia kwenda juu."

"Na wewe mbona unakohoa kama mgonjwa? Mapafu yako ni ya ng'ombe, naona."

"Nikohoe nisikohoe, mimi huyo ndiye aliyenisimamia. Na binti yangu pia. Nina laana mbili za kuepuka."

Wakalipita bwawa la Batak. Maji yalikuwa yamepungua baada ya kiangazi, visiki vya misonobari vimechomoza ukingoni, na upepo uliokuja juu ya maji uliwapiga kifuani hadi Fidana akatamani kupiga kelele kwa raha. Miguu ilimwasha. Ilikuwa inataka kwenda, naye anaizuia, na kuizuia kulimuuma kuliko mlima.

Katikati ya msitu, kwenye chemchemi ya mawe ambayo ukoo fulani uliijenga kwa kumkumbuka marehemu wao, Blagoy alikuwa akiwangoja na banitsa za jibini. Zapryan akanywa kwanza, bila shaka. Wengine wakapanga foleni. Akajifuta masharubu, akamtazama Fidana kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililoharibu mambo.

"Binti yangu, unahema vibaya. Siri iko kwenye pumzi. Lakini usijali. Najua ukiwa jikoni kengele unaisikia vizuri. Leo nitaipiga mara tatu zaidi, kwa ajili yako."

Hakumaanisha ubaya. Ndiyo maana maneno yale yalimchoma hadi kwenye mfupa. Fidana alikunywa maji, akarudisha kikombe kwenye mnyororo wake, akamtazama mumewe. Blagoy akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Baada ya hapo njia iliacha lami. Kutoka bwawa la Beglik hadi mgongo wa mlima juu ya Ravnogor ni mawe, mizizi na matope meusi ya msituni, mahali ambapo baiskeli hukutupa ukizubaa. Zapryan alikuwa akipambana na gia. Fidana akatoka kwenye foleni. Nyuma yake akamsikia Sabi akisema, "Mama yangu weee!" na kukohoa kote kukakoma ghafla. Akakanyaga pedali mara moja, mara ya pili, akawa sambamba na fulana ya njano.

"Fidana? Unakwenda wapi?"

"Naenda mbele, baba msimamizi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yako."

"Umerogwa? Mimi nilikushikia taji la ndoa kichwani kanisani!"

"Na ulinisamehe Jumapili ya Msamaha! Niliyokukosea na nitakayokukosea. Ulikuwa unatafuna halua. Ndiyo hii sasa!"

Akampita. Ewe Mola, alimpita! Miti ikaanza kukimbia kinyume, matope yakamrukia usoni, naye akacheka peke yake kama mwendawazimu. Alitegemea kusikia laana nyuma yake. Alichosikia ni mngurumo, kisha mnyororo ukidaka gia nzito. Zapryan alikuwa anakuja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mashindano alikuwa na mtu wa kumfukuza, na mzee yule aliinuka kwenye siti kama kijana.

Ravnogor walipita wakikimbizana, mbwa wakibweka, kuku wakitawanyika. Mteremko ulipoanza, uzito wa Zapryan ulimsaidia. Akampita Fidana kwa kishindo huku akipiga mbinja. "Hema sasa, binti! Hema!" Fidana roho ikamruka. Kamba ile ikamponyoka mbele ya macho. Lakini chini yao ilikuwa Rozovo, na kutoka Rozovo kwenda mjini ndiyo njia anayoishuka kila asubuhi, kukiwa na giza, kukiwa na barafu, akichelewa jiko. Kwenye kona ya uzio wa nyumba ya Fidana, Zapryan alishika breki, kama mtu yeyote mwenye busara. Fidana hakuzigusa. Aliinamia usukani, akapita upande wa ndani, bega lake likikwangua uzio wake mwenyewe, na hakutazama nyuma hadi akayaona mawe ya uwanja wa kanisa.

Watu walishangilia, kisha wakaona si fulana ya njano, wakanyamaza wote. Fidana akaingia mnarani, akaishika kamba. Mikono ilikataa kuvuta. Alisimama hapo akihema, matope hadi kwenye kope, mpaka Zapryan alipofika na kushuka akichechemea.

"Mbona kimya? Kengele imeibiwa?"

"Nilikuwa nakungoja."

Zapryan akamkazia macho. "Niambie kweli. Mwaka jana pia ungenipita?"

Angeweza kumdanganya. Watu wote walimwomba kwa macho amdanganye.

"Mwaka jana pia, baba msimamizi. Na mwaka juzi."

Wazee wengine walikuwa wakifika mmoja mmoja. Zapryan akamgeukia Sabi, na Sabi akaona ghafla kuna jambo muhimu sana kwenye mnyororo wake. Akawatazama wengine, kila mmoja alikuwa akichunguza viatu vyake. Akavua kofia yake ngumu. Nywele zilikuwa zimelowa, na uso ulikuwa wa mtu mzee.

"Na mimi niliacha rakia," akasema taratibu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha, mbele ya mji mzima, Zapryan akainama vile ambavyo wadogo humwinamia yeye, akauchukua mkono wa Fidana, unaonuka grisi na vitunguu, akaubusu.

"Nisamehe, binti. Nimekuzibia njia miaka yote hii."

Fidana ameomba msamaha ule tangu utotoni, kila mwaka, kwa kila mkubwa. Hajawahi kuombwa. Ilimchukua muda kuyapata maneno ya upande wa pili, na yalipokuja yalikuja na machozi.

"Umesamehewa, baba msimamizi. Na Mungu akusamehe."

"Basi vuta hiyo kamba kabla sijabadili mawazo! Na mwakani usinionee huruma, maana nitakula nawe sahani moja huko mlimani!"

Fidana akavuta. Kengele ikapiga juu ya mapaa, juu ya shule na dirisha la jiko lake, na mji mzima ukainua vichwa kutazama ni nani.