Maziwa ya Kuosha Kifua

Mume wangu Sifael alichanganya dawa ya mibuni kiwandani miaka ishirini na mbili. Dawa ya bluu. Mashuka yangu yakawa ya bluu, foronya za bluu. Kahawa za watu zilipona.

Kiwanda kiliwajali sana wafanyakazi wake. Kila siku pakiti moja ya maziwa, eti yaoshe kifua. Na sisi nyumbani tuna ng'ombe wawili! Barakoa walivaa siku wageni wakija. Wakishapigwa picha, zinarudi stoo.

Nikamuuliza, "Baba Filbert, wale sita ulioanza nao wako wapi?"

"Wamekufa. Hawakuwa wanamaliza maziwa yao."

Yeye alimaliza. Akafa na miaka hamsini na nne, anavuta pumzi kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Daktari akasema mapafu yameharibiwa na dawa. Kiwanda kikasema sigara. Sigara! Sifael, mzee wa kanisa, hata pombe ya mbege alikuwa anaonja tu kwa adabu.

Mimi sikutaka kitu kwao. Nilitaka waseme kilichomuua, basi.

Siku ya tatu baada ya mazishi akaja Theodory, msimamizi wake. Mkono mmoja katoni ya maziwa, mkono mwingine jani la sale. Kwetu Wachagga ukiletewa sale umeshasamehe, utake usitake. Majirani wote wananitazama mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sale la nini?"

"Kiwanda kinaomba msamaha."

"Kwa kosa gani?"

Akaangalia viatu vyake. "Kama kulikuwa na lolote, mama."

"Lolote halijamzika mume wangu. Litaje kosa."

"Ofisi haijaniruhusu kutaja."

"Basi hilo ni jani tu, baba. Ninayo mengi, yamejaa pale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Na hayo maziwa kunywa mwenyewe. Umekaa mle ndani miaka mingapi?"

"Kumi na nane," akasema, kikohozi kikamkamata. Akakohoa mpaka katoni ikamponyoka. Nikamsogezea kigoda. Sikumsamehe, nilimsogezea kigoda.

Akainama, akaninong'oneza, "Ni dawa, mama. Ni ile dawa."

"Sema kwa nguvu, majirani wasikie."

Akafungua mdomo. Akavuta pumzi, akavuta tena. Majirani wakangoja. Pumzi haikutosha.

Lile jani bado analo mkononi.