Pikapu ya Baba na Taa Yangu

Harufu ya mafuta ya taa ikinijia puani hata leo, humwona mjomba wangu Athumani amelala chali chini ya pikapu ya baba, miguu nje, akitoa hukumu. Mtaniwia radhi, maana kafa zamani, na watu husema wafu wasitiriwe. Wamsitiri wao. Mimi nitamsema.

Tulikaa Likoni, si mbali na feri, miaka ile ya vita. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kupelekea mihogo na madafu sokoni Mombasa. Petroli ilikuwa ya kibali. Ukishapewa yako ndiyo hiyo, usiulize nyingine. Kwa hiyo kila jioni baba alitumbukiza ufito ndani ya tangi aone imebaki kiasi gani. Mafuta ya taa nayo yalikuwa adimu. Mama aliyafungia stoo, katika debe, na ufunguo wa kufuli akaufunga kwenye pindo la leso yake. Hata kulala alilala nao.

Dereva alikuwa mjomba, ndugu wa pekee wa mama. Kijana wa nywele za kung'aa na saa ya mkononi isiyotembea. Alijiita fundi kwa kuwa aliwahi kufanya kazi kwenye magari ya jeshi kule Changamwe. Kazi yenyewe ilikuwa kuyaosha.

Basi pikapu ikaanza kugonga. Ikipanda ule mwinuko wa kutoka feri, injini ilipiga ko-ko-ko, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Baba, kwa kuwa gari lile ndilo lililotulisha, alikosa usingizi. Mjomba akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini, mpini sikioni, akafumba macho, akatuambia sote tunyamaze. "Beringi," akasema. Beringi zikabadilishwa, ikagonga. Akasema ni pistoni. Akaifungua injini nzima uani, akavipanga vyuma vyenye grisi juu ya mkeka mpya wa mama. Na mama, ambaye mimi nikidondosha tone la mchuzi kwenye mkeka ule hunifinya, hakusema kitu. Mjomba alipomaliza kufunga zilibaki skrubu mkononi. Akazitia mfukoni, akatuambia Wazungu huzidisha za akiba. Injini ikawashwa, ikapandishwa kilimani. Ko-ko-ko.

Siku hizohizo debe la mama likawa linapungua, na hapo ndipo nilipotiwa mimi lawamani. Nilikuwa nikisoma chuoni kwa mwalimu wetu, nimebakiwa na juzuu chache nikhitimu Kurani, na kila baada ya isha nilidurusu kwa taa. Mama akasema ni mimi ninayemaliza mafuta. Nikamwambia wallahi utambi naushusha mpaka naona kwa shida. Nikapigwa kofi. Mjomba alikuwa kwenye sinia anakula, akatia neno na wali mdomoni: "Dada, mtoto wa kike asomea nini? Mtoe chuoni, debe lipumue."

Mama akaninyang'anya taa. Akasema mwezi ukiisha, na chuo nacho basi. Nililala gizani nikisoma kwa kichwa, nikakosea, na asubuhi mwalimu akanirudisha nyuma mbele ya wenzangu. Chuo ndicho kitu pekee nilichokuwa nikikiweza duniani. Kupika nilikuwa siwezi, sura yangu haikuwa ya kusifiwa, na nikaona nanyang'anywa hicho kimoja kwa neno la mwosha magari.

Baba naye akakata tamaa, akaamua kuliuza gari. Kabla mnunuzi hajaja, alitaka kutoa petroli yake tangini, maana haikupatikana ovyo. Akaniita nimshikie karai. Mafuta yalipoanza kutiririka nikamwambia, "Baba, hii yanuka taa yangu."

Alichovya vidole, akapaka kiganjani, akangoja. Petroli hukauka papo hapo. Yale yalibaki yanateleza. Akamwita mjomba, naye akaja bado anatafuna.

"Petroli ya vita hiyo, shemeji. Siku hizi ndivyo ilivyo."

"Athumani," baba akasema polepole, "gari langu ulikuwa ukilipeleka wapi nikilala mchana?"

Siri ikatoka. Alikuwa na mwanamke Miritini, na alikuwa akimpeleka matembezi. Ili ufito wa baba usimuumbue, petroli aliyoichoma aliifidia kwa mafuta ya taa. Akaapa alitia kidogo tu. Mtu mzima, kasikiliza injini kwa bisibisi mbele ya mtaa mzima, kaharibu mkeka, kalisambaratisha gari zima, na muda wote ule ajua alichokimimina.

Baba alisafisha tangi, akatia petroli tupu, akaendesha mwenyewe. Pikapu ikapanda kimya. Mjomba alisimama kando ya barabara akiwaeleza watu kwamba pistoni zake sasa zimeshakaa.

Jioni ile mama aliijaza taa yangu mpaka shingoni, akakata utambi, akaiweka mbele yangu, akaondoka bila kunitazama. Nilifurahi sana. Nikasoma mpaka koo likakauka, na hatimaye nikakhitimu. Kwa miaka mingi nilikihadithia kisa hiki kama kisa cha mjomba, tukacheka, na mama akacheka nasi, ingawa yeye alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Nikaolewa, nikawa na stoo yangu na ufunguo wangu kwenye leso yangu. Siku moja nilikuwa nafungua fundo la pindo, mkono ukasita hapohapo. Mjomba namdharau kwa raha mpaka leo, hanisumbui. Lakini kufuli la mama halikuvunjwa hata siku moja. Ufunguo haukutoka kwenye leso ile, na aliyekuwa akilifungua fundo lake kwa ajili ya ndugu yake ndiye aliyenipiga kofi mimi.