Keki ya Halvern

Aleyamma Kuruvilla hakuwahi kuingia kanisani na sare ya kazi. Hata alipotoka zamu ya usiku asubuhi ya Jumapili, macho mekundu, miguu imevimba, alipitia nyumbani kwanza. Alioga, akavaa sari ya pamba iliyopigwa pasi, akapaka nywele mafuta, ndipo akaenda kusimama upande wa wanawake kama mtu aliyelala fofofo usiku kucha. Wauguzi wote wa parokia yetu ya Wamalayali, hapa Floral Park, nje kidogo ya jiji la New York, walifanya hivyo. Hawa ndio waliotangulia kuja kutoka Kerala, kusini mwa India. Wao ndio walioleta waume, wakanunua nyumba, wakajenga hata kanisa lenyewe. Lakini sare ilibaki kwenye buti la gari. Kuivaa mbele ya madhabahu kungeonekana kama kuweka beseni la mgonjwa kwenye meza ya chakula.

Nilipanga chumba cha chini nyumbani kwake miaka mingi, nikienda na kurudi katika safari zangu. Yale ambayo sikuyaona kwa macho niliyasikia kupitia dari.

Na mwaka ule dari lilikuwa halinyamazi, kwa sababu Nimmi, binti yao wa pekee, alikuwa anamaliza shule. Katika nchi hii mtu husoma shahada ya kwanza, kisha ndipo aombe kuingia udaktari, na wengi hukatwa hapo. Lakini viko vyuo vichache vinavyomchukua mtoto angali shuleni na kumwahidi yote mawili kwa pamoja: shahada, halafu udaktari, bila kupanga foleni upya. Kwa Wamalayali wa Floral Park, ahadi hiyo ni mbingu kufunguka. Watoto huanza kupikwa mapema. Watajitolea hospitalini wakati wenzao wanaogelea, watakaa maabara wakiosha vyombo vya kioo vya profesa, na mshauri wa kulipwa atawafundisha hata namna ya kutabasamu mbele ya jopo.

Nimmi alitabasamu. Katika usaili mmoja aliulizwa, "Wewe ndiye unayetaka udaktari, au ni wazazi wako?" Alirudi nyumbani macho yakiwa mekundu kwa kilio.

"Mvulana wa Kizungu aliyenitangulia aliulizwa kuhusu mpira, Mama. Mpira! Mimi naulizwa kama nina akili yangu mwenyewe."

Swali lile lilikuwa la dharau, na nililichukia tangu niliposikia. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba, kabla majani ya mti wa mbele ya nyumba hayajachipua, sisi wenyewe tulikuwa tumelithibitisha.

Vyuo viwili vilimkubali. Halvern ilikuwa na programu ya miaka saba, jina kubwa, jengo la vioo. Tilbrook ilikuwa ya miaka minane, kwenye mji mdogo wa milimani ambao hakuna mtu parokiani aliyewahi kuusikia. Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tano, na mjadala ulifanyika jikoni juu ya muhogo wa kuponda na mchuzi mwekundu wa samaki.

"Miaka saba, Nimmi," alisema Kuruvilla, baba yake. "Umeokoa mwaka mzima!"

"Nauokoa niupeleke wapi, Baba?"

"Uupeleke kwenye maisha yako!"

"Kwani sasa hivi niko wapi?"

Baba akacheka kwa shingo upande. Nimmi akaweka kijiko chini. "Sikiliza. Halvern nikishaingia siruhusiwi kuomba udaktari kwingine kokote. Na alama zikishuka kidogo tu, kiti kimeondoka. Tilbrook wananishikia kiti, lakini mlango hawaufungi. Nikitaka kwingine, naenda. Nikibadili mawazo, hakuna anayenifukuza kama mwizi. Na miaka minne ya kwanza naweza kusoma pia ninachopenda. Miamba, mito."

"Miamba! Mgonjwa akija utampa jiwe ameze?"

"Wengine wanakuja nayo tayari kwenye figo."

Aleyamma alicheka mpaka akapaliwa. Kuruvilla hakucheka. Huyu hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Kwao alikuwa mwalimu wa historia. Hapa aliuza tiketi nyuma ya kioo kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi mpaka akastaafu, na kwenye harusi watu walimtambulisha hivi: "Huyu ni mume wa Nesi Aleyamma." Wanaume wa rika lake walimtania kwamba aliingia Marekani akiwa ameshikilia pindo la sare ya mkewe. Alitabasamu miaka yote hiyo. Sasa alitaka siku moja tu aitwe baba wa daktari, na aliitaka upesi.

Kwa hiyo akafanya kosa ambalo naamini ni watu wetu tu wanaoweza kulifanya. Alikwenda kwa Achen, yaani padre wetu, akamnong'oneza.

Baada ya ibada, Achen husimama mbele na kusoma matangazo: nani ataoa, nani anakumbukwa kwa mwaka wa kufa kwake, halafu watoto waliopata vyuo. Kilichosomwa pale kimekuwa. Sijaona mahakama yenye nguvu kama ile. Jumapili hiyo Achen alirekebisha miwani na kusema, "Tumshukuru Mungu. Binti yetu Nimmi Kuruvilla anakwenda Halvern, udaktari wa miaka saba. Jumapili ijayo, keki ukumbini."

Watu wakapiga makofi. Wanawake wakamgeukia Nimmi, wakamshika mashavu, wakambusu utosini. Mmoja alilia. Nimmi alisimama katikati yao akiwa na tabasamu alilofundishwa na mshauri.

Jioni ile alimkuta mama yake akipara samaki.

"Mama, basi. Nitakwenda Halvern."

"Umeamua lini?"

"Sijaamua. Ishasemwa kanisani."

Kisu kikasimama. Nilikuwa mlangoni nikirudisha sufuria, nikaona uso wa Aleyamma ukibadilika. Nilikuwa nimekaa nao muda mrefu, na sikuwahi kumwona mwanamke yule akiwa na hasira. Wagonjwa walimtukana, madaktari walio na umri wa kuwa wanawe walimwita kwa kidole, naye alirudi nyumbani akapika. Sasa aliosha mikono polepole, akakaa.

"Unajua mimi nilitaka kuwa nini?"

Nimmi hakujua. Wala mimi.

Kijijini kwao, karibu na Kottayam, Aleyamma alikuwa msichana wa hesabu. Alizifanya kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko hadi bibi yake akamfukuza. Alitaka chuo cha ualimu. Jumapili moja, padre wa kule alisoma matangazo, na miongoni mwake kulikuwa na habari kwamba Aleyamma anakwenda Ludhiana, mbali kaskazini mwa India, kusomea uuguzi. Mjomba ndiye aliyempa padre habari hizo. Aleyamma alizisikia pamoja na waumini wengine, amefunika kichwa, ana kitabu cha nyimbo mkononi. Wanawake walimshika mashavu. Baadaye, padre yuleyule alisoma jina lake pamoja na la kijana Kuruvilla, ambaye alikuwa amemwona mara moja tu, akimpelekea chai.

"Mimi nimetangazwa mara mbili," alisema. "Kazi nimeipenda, siwezi kusema uongo. Baba yako naye nimemzoea."

"Mama!"

"Nimempenda, basi, usinikodolee. Lakini sitajua kamwe kama ningevichagua. Hilo ndilo waliloniibia. Na sasa wizi huo wameuleta mpaka kwako, wamevuka bahari nao!"

Nimetembea nchi nyingi. Nimekaa kwa watu wanaomwoza binti bila kumuuliza, nikakunja uso, na wageni wenzangu wakakunja nyuso pamoja nami. Hakuna aliyekunja uso Floral Park. Mtoto wa miaka kumi na saba alifungiwa miaka saba ya uhai wake kwa sentensi moja, na tukaagiza keki.

Kesho yake alfajiri, zamu ilipokwisha, Aleyamma alimfuata Mollykutty kwenye chumba cha wauguzi. Mollykutty alikuwa muuguzi mwenzake na muumini wa parokia yetu, lakini kila Jumapili alitoka kabla ya matangazo. Wote tulijua sababu na hakuna aliyeitaja. Mwanawe Jerin aliwahi kutangazwa kwenda Halvern hiyohiyo, kwa keki ya ghorofa mbili. Mwaka wa pili alama zake za kemia zikapungua kidogo, wakamtoa.

Aleyamma alinisimulia mazungumzo yao akiwa bado na koti mwilini.

"Nilimuuliza, Jerin yuko wapi? Akaniambia, 'Chechi,' kwa sababu ananiita dada mkubwa, 'Chechi, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.' Wa kwanza! Tunafanya kazi wodi moja!"

"Na yuko wapi?"

"Anasomea mashine za eksirei huko Albany. Ana mchumba. Anakula, anacheka. Mama yake anasema, 'Siku wanampeleka walijaa sebuleni kwangu mpaka viti vikaisha. Siku amerudi, hakuna aliyekuja kuuliza hata kama mtoto anapata usingizi. Nikitaja jina lake, watu wanatazama viatu.'" Aleyamma alivua koti akalitupa kitini. "Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitazama viatu vyangu hivi hivi."

Jumapili ya keki ikafika. Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa harufu ya chai ya iliki na bajia za dengu. Keki ilikuwa nyeupe, pana kama mto wa kulalia. Juu yake kulikuwa na kipimo cha daktari cha kusikilizia moyo, kimechorwa kwa sukari ya buluu, na maandishi: Daktari Nimmi, Halvern. Kuruvilla alivaa suti. Watu walimpa mkono, na safari hii hakuna aliyemwita mume wa mtu.

Aleyamma hakuwa ameonekana kwenye ibada. Aliingia ukumbini moja kwa moja kutoka hospitali, amevaa sare, suruali ya buluu na viatu vya mpira, kitambulisho kikining'inia kifuani.

Mazungumzo yalizimika meza baada ya meza.

"Mama Nimmi," Kuruvilla alinong'ona, "sare!"

"Naiona."

"Watu wote wako hapa."

"Ndiyo maana nimeivaa."

Mama mmoja mzee akasema kwa sauti ya kutosha, "Zamu ya usiku inaharibu akili."

"Inaharibu miguu, Ammachi," Aleyamma alimjibu, akimwita bibi kwa heshima. "Akili ndiyo kwanza inaamka."

Achen alikuwa amemkabidhi Nimmi kisu. Akajaribu kucheka. "Karibu, karibu, mama wa daktari. Tukate basi."

"Achen, nina swali kwanza. Unapotangaza anayekwenda, unasoma kwa sauti. Anayerudi, unamsoma wapi?"

"Sijakuelewa."

"Jerin. Mtoto wa Mollykutty. Ulimbatiza wewe. Tulikula keki yake tukiwa tumesimama hapahapa. Alipotolewa Halvern ulimsoma wapi?"

Watu wakaanza kutazama viatu. Aliwaona, akawaka.

"Haya, tazameni! Mnavijua viatu vyenu vizuri sana! Tunawauliza watoto walikuwa wa ngapi darasani tangu hawajang'oa meno ya utoto. Mtoto mmoja akijikwaa tunamzika akiwa hai, na mama yake tunafanya naye kazi kitanda kwa kitanda bila kumuuliza mwanao yuko wapi. Na binti yangu huyu," alimwelekea mumewe, sauti ikashuka, "huyu hakuulizwa. Jopo la wageni lilimuuliza kama ana akili yake, akalia njia nzima ya kurudi. Sisi wenyewe tukaja kuwajibu kwamba hana."

Kuruvilla alifungua mdomo. "Mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Nimekuona miaka yote wakikucheka. Lakini usikichukue kwake."

Akamnyang'anya Nimmi kisu. Kwa mkono uliozoea kutoa bandeji bila kumuumiza mgonjwa, akakwangua jina la Halvern juu ya keki, herufi moja baada ya nyingine, akaifutia sukari yake kwenye leso ya karatasi. Akamrudishia binti yake kisu.

"Sasa sema. Hata ukisema Halvern, nitakufungia mizigo. Lakini useme wewe."

Nimmi hakuwa na lile tabasamu la kufundishwa.

"Tilbrook," alisema. Kisha, kwa nguvu zaidi, "Miaka minane. Na huenda nisiwe daktari. Sijui bado."

Mtu mmoja alishusha kikombe. Achen alikohoa, akapapasa mfukoni kutafuta miwani. "Basi, Jumapili ijayo tumtangaze upya?"

"Usimtangaze, Achen," alisema Aleyamma. "Mpe keki."

Nimmi alipokata kipande cha kwanza, Aleyamma hakukipeleka kwa Achen kama ilivyo desturi. Alipita nacho katikati ya watu hadi mlangoni, ambako Mollykutty alikuwa amesimama na mkoba begani, tayari kuondoka. Wawili wale walikula kwa kutumia sahani moja. Waliokwenda kuwasogelea walikuwa wachache. Wengi waliaga mapema, na bajia nyingi zilibaki.

Kuruvilla ndiye aliyeendesha gari kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma na Nimmi, nimepakata keki iliyobaki. Tukavuka reli. Suti ilikuwa imembana Kuruvilla mabegani, na akajilegeza tai kwa mkono mmoja.

"Huko Tilbrook," aliuliza mwishowe, akimtazama binti yake kwenye kioo, "kuna kanisa letu?"

"Hakuna, Baba. La karibu ni mwendo wa saa tatu kwa gari."

Aliendesha kidogo.

"Afadhali," akasema.