Pickup inagonga mbele, na kuitafuta kelele peke yangu kulivyonishinda

Wakuu, heshima mbele. Hili limenitokea mimi mwenyewe hapa Iguguno, sijaongeza chumvi wala sijapunguza. Wenye pickup za zamani mtanielewa haraka, wengine vumilieni.

Gari yangu ni kuukuu, stelingi nzito, ile ya kupigana nayo. Mwezi uliopita ikaanza kugonga mbele. Nikikata kona taratibu, ko. Nikiingia shimoni, ko ko. Na barabarani inatangatanga, mara kushoto mara kulia.

Hapo nimeshakubali kupeleka alizeti za watu Shelui. Mnaoijua Sekenke, njiani kwenda Shelui, mnajua ule mteremko hauna utani. Stelingi ikiachia pale, hakuna wa kuja kusimulia.

Nikabadilisha bushi. Ikagonga. Nikabadilisha shokapu zote mbili, ujuaji wangu tu. Ikagonga vilevile.

Mtaniuliza fundi yuko wapi. Fundi wetu alihamia Manyoni, na mimi ni mbishi, nimelala chini ya hii gari miaka kumi na tano.

Sasa tatizo ni hili. Nikipiga jeki nikatikisa tairi, linacheza. Lakini linacheza kutokea wapi? Vyuma vyote vya stelingi vinatikisika pamoja. Inatakiwa mmoja akae juu azungushe stelingi kidogo kidogo, mwingine alale chini ameshika kiungo kimoja kimoja mpaka asikie kwa vidole kinachogonga. Ni kazi ya watu wawili.

Miaka yote aliyekaa juu alikuwa mke wangu. Alifariki mwaka jana. Binti yetu Eliza yuko Mwanza kwa mumewe, nyumbani tumebaki mimi na redio.

Niseme ukweli, tangu msiba nimekuwa mtu wa ajabu. Majirani wakipiga hodi nanyamaza ndani mpaka waondoke. Wakachoka, wakaacha.

Basi nikajifanya mjanja. Nikaweka simu chini ya gari inarekodi, nikapanda, nikazungusha stelingi, nikashuka kusikiliza.

Ile ko ilisikika vizuri kabisa. Ila kabla yake kuna mtu anaongea, taratibu:

"Haya mama Eliza, zungusha."

Ilikuwa sauti yangu. Wakuu, sikumbuki kabisa kusema hivyo. Nilirudia kusikiliza mara tatu, nimekaa kwenye vumbi saa nane mchana, halafu nikalia sana. Sikulia hivyo hata siku ya maziko.

Nikanawa uso, nikaenda nyumba ya pili kwa Mama Zaina. Ni mjane, umri wake ni wa mama yangu mdogo. Nilipiga hodi nimejaa aibu. Shikamoo, marahaba. Hakuniuliza nilikuwa nimepotelea wapi. Nikamwambia nina shida na mtu wa kunishikia stelingi.

Akasema tangu azaliwe hajawahi kugusa stelingi, ila kama nimeamua kumfundisha udereva uzeeni, twende. Akajifunga khanga vizuri, tukaongozana.

Nikalala chini. Kushoto kidogo mama, rudisha, haya kulia. Kiungo cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu, tairodi ya upande wa dereva, kikaruka kwenye vidole vyangu. Kimelika mpaka karibu kuchomoka. Safari moja tu ya Sekenke ingetosha.

Nikabaki pale chini nimekishika. Yule mama akaona simwambii tena kushoto wala kulia, akauliza kutoka juu:

"Baba Eliza, upo?"

"Nipo, mama."

Ulikuwa umepita muda mrefu sana bila mtu kuniuliza kama nipo.

Tairodi nimebadilisha, alizeti zilifika Shelui salama. Siku hizi Mama Zaina akipiga hodi nafungua, na akikawia kupita namfuata mimi.

Nilichojifunza: usinunue bushi na shokapu kwa kubahatisha kama mimi. Mkalishe mtu kwenye stelingi kwanza, wewe shika viungo. Na kama huna wa kumkalisha, usinyamaze nalo mwaka mzima kama nilivyofanya.

Wazoefu shusheni ujuzi, na mnaotaka kunisema kwa kuchelewa, semeni, nastahili. Ila kama kuna mkuu anaishi peke yake kuanzia Ulemo mpaka huku kwetu, na gari yake inagonga, aandike hapa chini. Nitakuja kumzungushia stelingi.