Mshusha Droni wa Usa River

Kwa miaka minne Ebenezer alikuwa mtu wa kushusha droni ya kampuni moja ya kupima mashamba, karibu na Usa River. Droni yenyewe ilikuwa na mabawa kama ndege kamili. Haikuweza kushuka wima. Ililazimika kuja polepole, ikishuka kidogo kidogo, mpaka tumbo liguse nyasi. Ebenezer alishika rimoti mwisho huu wa uwanja. Mwenzake, Lesikar, alisimama mwisho ule na redio, akipiga kelele, "Upepo unatoka mlimani, kaka! Inua pua!"

Kisha mhandisi wao, Aikande, akafunga kamera puani mwa droni. Kamera ikaitambua mistari ya chokaa iliyochorwa kwenye nyasi, ikajipimia umbali na kimo, na droni ikatua yenyewe. Lesikar akaachishwa kazi. Ebenezer akabakizwa asimame na rimoti, asiiguse mpaka pawe na hatari.

Miezi mitano ikapita bila mtu wa kuongea naye. Mchana alikula wali wake akiwa amekalia ndoo ya chokaa. Jioni alirudi mtaani kwake Levolosi, kwenye chumba ambacho mkewe, Sia, alikiacha alipofariki mwaka juzi.

Asubuhi moja ya Juni, Mlima Meru ukiwa umefunikwa na mawingu, droni ilirejea. Aliiona kama iko chini mno. Akabonyeza kitufe cha rimoti, akaichukua aiongoze mwenyewe. Kwa sekunde chache mikono yake ilifurahi. Halafu bawa la kushoto likakwangua ardhi, likakatika.

Aikande alizitazama picha za kamera, kisha akampigia simu.

"Kaka Ebenezer, kamera ilikuwa sahihi. Kwa nini uliichukua?"

"Nilitamani tu kuishusha, dada."

Aikande akafungua ripoti ya ajali. "Naweza kuandika kwamba ni upepo."

"Upepo haukuwepo. Andika ni mimi."

Alinyang'anywa rimoti, akapewa kazi ya kupaka upya ile mistari.

Jumapili, baada ya ibada, alipanda hadi kijiji cha Akheri kumtafuta Lesikar. Alimkuta Nalepo, mke wa Lesikar, akichambua maharage.

"Yuko Babati tangu Aprili, anaendesha trekta. Kwani hakukuaga, shemeji?"

"Hapana."

Nalepo akamtilia chai, akampa namba mpya. Ebenezer aliipiga akiwa njiani kurudi. Haikupatikana. Akasimama kando ya barabara, akapiga tena.