Maua Matano ya Nyongeza

Mwezi Machi 2023, siku Bertha Kikoti alipomtumia mama yake fedha ya kwanza aliyoipata katika soko la Falme, jibu lilirudi Iyunga, Mbeya, alikoishi, kabla hajamaliza kuosha vyombo. Mama yake, Evarista, aliyeishi peke yake Kilolo, hakuwa mtu wa kupiga simu. Salio lake alilitunza kama mbegu. Siku hiyo alipiga.

"Betha, hii hela ya nini?"

"Ya matumizi, mama. Nunua sukari, mlipe mtu wa kukulimia."

"Nimeuliza imetokana na nini, sikuuliza ninunue nini. Umeuza nini?"

"Maua."

"Ya shamba gani?"

Maua aliyouza Bertha hayakuwa na shamba. Yalikuwa ya rangi ya buluu, yaliota kwenye milima ya nchi isiyokuwapo duniani, na aliyeyanunua alikuwa mtu wa Brazili aliyejiita kwa jina la ndege. Bertha alijaribu kueleza hivyo hivyo yalivyo. Evarista alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa adabu, akakata simu. Fedha ile hakuitoa. Ilikaa ndani ya simu yake ya vitufe, na kila mwezi nyingine ikaja kulala juu yake.

Evarista alikuwa ameuza maharage na njegere katika soko kuu la Iringa kwa miaka thelathini na mmoja, akishuka kutoka Kilolo na magunia yake kila wiki. Wauza nafaka wa rika lake walihofu mambo mawili: mvua iliyochelewa, na chuma ulete. Chuma ulete ni mtu anayekuja kununua kwako kwa noti moja, akaondoka, na jioni ukihesabu unakuta fedha ya siku nzima imemfuata bila mkono wowote kuigusa. Rafiki yake wa meza ya jirani alifunga biashara kwa sababu hiyo, au ndivyo soko zima lilivyoamini. Sasa binti yake mwenyewe, aliyekaa Iyunga bila gunia, bila mzani, bila mteja mlangoni, alikuwa akipokea fedha kutoka hewani. Evarista hakumdhania Bertha kuwa mwongo. Alijiuliza jambo moja tu: hela hii imempotea nani?

Bertha aliingia Falme kupitia kazini. Tangu mwaka 2019 alikuwa akichapa barua na wasifu wa waomba kazi katika duka la stationari la Habibu, kule Mbalizi, hatua chache kutoka sokoni. Babu wa Habibu alipanda kutoka pwani na majora ya vitambaa, akaoa Mbeya, hakurudi. Mjukuu aliuza karatasi, na wateja wakikosekana alicheza. Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo vijana wa Mbalizi walilifupisha wakauita Falme. Ilikuwa nchi moja kubwa ya kubuni, na ndani yake maelfu ya watu kutoka kila upande wa dunia walitembea, wakapigana na kuchimba madini, wote kwa wakati mmoja. Desemba 2022, mvua ikiwa imewazuia wateja, Habibu alimfungulia Bertha akaunti yake ya kuchezea.

"Dada Betha, umekufa tena?"

"Nimeliwa na mbwa."

"Hao ni mbwa wa mafunzo. Tangu mchezo uanze hawajawahi kumla mtu."

"Basi leo wamefuturu."

Alikufa mara kumi na nne katika siku mbili. Mara ya kumi na tano aliona afadhali asitoke nje ya lango la mji. Akaranda ndani ya kuta, akakata kona, akajikuta sokoni, na hapo akasimama.

Kwenye kioo ilifunguka orodha ya bidhaa zaidi ya elfu moja: chuma, ngozi, dawa, magamba ya joka, maua. Kila moja ilikuwa na bei yake, na bei zile zilikuwa zikipumua. Zilipanda kidogo, zikashuka, zikatulia, zikapanda tena. Hakuna aliyezipanga. Kila namba ilikuwa uamuzi wa mtu aliye hai mahali fulani, mwenye haraka au mwenye subira, aliyeamka sasa hivi au aliyekuwa akipigana na usingizi. Watu wasiojuana nyuso wala lugha, na bado wamekubaliana kwamba ua moja ni sarafu tatu. Bertha, aliyekulia chini ya meza ya maharage, alihisi vinyweleo vikimsimama mikononi.

"Habibu," alisema kwa sauti ya mtu aliyeingia kanisani sala ikiendelea, "hili ni soko."

"Ni mchezo, dada."

"Hapana. Ni soko."

Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akawa anaandika bei ya ua la buluu asubuhi, mchana na jioni, kama alivyokuwa akimwandikia mama yake bei za debe zamani. Wiki ya sita kurasa zilisema zenyewe. Ua lile lilitengenezewa dawa ya majeraha. Vita vikubwa vya Falme vilipiganwa Jumamosi. Basi Ijumaa bei ilipaa, na Jumatatu, mashujaa wakiwa wamechoka, ikaanguka. Bertha aliujua mwendo huo tangu utotoni: ndivyo maharage ya Iringa yanavyofanya shule za bweni zinapofungua. Akaanza kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa. Wenye mchezo waliruhusu sarafu za humo kubadilishwa kwa fedha halisi katika dirisha lao wenyewe, na ndiyo hiyo iliyofika kwenye simu ya Kilolo, ikakaa bila kuguswa.

Mwaka uliofuata macho ya Evarista yalifunikwa na mtoto wa jicho. Daktari wa Iringa alimpangia upasuaji Alhamisi, tarehe 20 Juni 2024. Bertha akasema yeye atalipa. Mama akakataa, kwa upole ule ule.

"Nikifunguliwa jicho kwa hela ya kilio cha mtu, nitatazama nini kwa jicho hilo?"

Ndiyo maana Jumamosi iliyotangulia Bertha alishuka Kilolo akiwa na kompyuta mpakato ya Habibu, aliyoifunga ndani ya blanketi. Ukungu wa Juni ulikuwa umelala hadi kwenye mabati. "Kamwene," mama alimwitikia kwa salamu ya Kihehe kutoka ndani, akamtambua kwa nyayo. Jumapili walikwenda kanisani. Jumatatu asubuhi Bertha aliketi naye karibu na jiko la mkaa, akaunganisha kompyuta na bando la simu, akafungua soko.

Kwa mama ilikuwa mwanga tu bila umbo. Basi Bertha alimsomea, na Evarista akauliza kama anayekagua gunia la mgeni.

"Nani anayachuma?"

"Watu wenyewe, mama. Mmoja anaweza kupanda mlima saa nne nzima kwa ajili ya kikapu kimoja."

"Wanalipwa?"

"Mimi ndiye ninayewalipa nikinunua."

"Anayenunua kwako analazimishwa?"

"Akiona ghali anakwenda meza nyingine. Meza ziko mia."

"Nisomee bei. Anzia nyuma."

Bertha akasoma wiki tatu za daftari. Mama alifumba macho yale yasiyomsaidia, kidole kikigonga goti taratibu. Alipomaliza, Evarista alisema, "Kesho itashuka tena kidogo. Wenye shida ya haraka bado hawajauza wote. Keshokutwa itageuka. Wewe hununua leo?"

"Kila Jumatatu."

"Unawahi. Subiri kesho mchana."

Bertha alimtazama mwanamke yule aliyejitanda vitenge viwili, ambaye hakuwahi kukiona kioo kile, na ambaye alikuwa ameingia katika soko la ulimwengu kwa masikio tu na kujua wenye shida walikuwa wangapi. Yeye mwenyewe, kwa mwaka mmoja na nusu wa kuandika, hakuliona hilo la Jumanne.

"Na nyongeza," mama aliuliza, "unawapa kiasi gani?"

Kila aliyewahi kununua maharage anaijua nyongeza. Muuzaji akishapima sado, akaisawazisha na kuimimina mfukoni, huchota tena kwa kiganja na kuongeza juu yake. Kiganja hicho hakilipiwi. Hutolewa baada ya hesabu kufungwa, na kwacho mnunuzi hujua ameuziwa na mtu.

"Haiwezekani, mama. Mashine inahesabu yenyewe. Mia ni mia."

"Mwaka na nusu hujampa mtu nyongeza?"

"Hapana."

"Basi mnanyang'anyana kwa adabu. Msiite soko."

Bertha aliyatafakari maneno hayo hadi alipoona njia. Falme ilikuwa na posta yake. Mchana ule ule aliwatafuta wanunuzi wake kumi na mmoja wa wiki iliyopita, akamtumia kila mmoja kifurushi cha maua matano pamoja na maneno machache ya Kiingereza kwamba ni nyongeza, kutoka kwa mama yake.

Jumanne asubuhi bei ilikuwa imeshuka kidogo, kama Evarista alivyosema. Wanunuzi saba walikaa kimya. Watatu waliuliza kama ni mtego, kwa sababu huko zawadi ya mtu usiyemjua mara nyingi ni chambo cha tapeli. Wa kumi na mmoja, mtu wa Poland, alirudisha kifurushi pamoja na ujumbe, na Bertha akamsomea mama kwa Kiswahili.

"'Umenitumia matano zaidi. Sikuyalipia. Nayarudisha usije ukapata hasara.'"

Evarista aliacha kuchochea mkaa.

"Soma tena."

Alisoma tena.

"Anakujua?"

"Hanijui. Hajui kama mimi ni mwanamke. Hajui Kilolo."

"Angekaa nayo, ungemfanya nini?"

"Nisingemfanya chochote."

Mama aliketi mikono ikiwa mapajani, uso ameuelekeza kwenye ule mwanga usio na umbo, kwa muda mrefu kiasi kwamba jiko lilianza kupoa.

Kabla ya adhuhuri, kioo kikabadilika. Wasimamizi wa mchezo walikuwa wameifunga akaunti ya Bertha kwa uchunguzi: vifurushi kumi na kimoja vya bure kwa watu asiowajua, ndani ya saa moja, ni mwenendo wa wapitisha mali ya wizi. Maua yake yote, sarafu zake zote, na fedha aliyokusudia kuibadilisha siku hiyo kwa ajili ya hospitali, vilikuwa upande wa pili wa mlango.

"Mama, wamenifungia," alisema. "Nyongeza imenifungia. Alhamisi sina kitu."

Evarista alipapasa chini ya mto wa kiti, akatoa simu ya vitufe, akamkabidhi.

"Iliyomo humu haitoshi?"

Ilitosha, ikabaki. Bertha aliijua hesabu yake kwa kichwa.

"Lakini ulisema huigusi."

"Nilikuwa simjui mwenye nayo. Niliogopa kuna mtu mahali amekung'uta kibindo chake akakuta patupu." Alijifunga kitenge upya. "Aliyeibiwa harudishi nyongeza; watu hawa hawajaibiwa na mtu. Kaitoe. Halafu uje uandike barua, mimi nitasema."

Barua ile kwa wasimamizi Bertha aliinakili katika daftari la bei, Kiswahili cha mama juu na Kiingereza chake chini. Kipande chake kinasema: "Mimi ni Evarista Kikoti, muuza maharage wa Iringa, sasa nimestaafu. Binti yangu hakuiba. Aliwapa watu wake kiganja cha juu, kwa sababu mimi nilimwambia. Kwetu muuzaji asiyetoa kiganja hicho hatumwiti mwizi, lakini hatumrudii. Kama huko kwenu ni kosa, kosa ni langu. Lakini angalieni kama yupo mnunuzi aliyelalamika kwamba amezidishiwa."

Alhamisi mama alipasuliwa jicho la kulia. Ijumaa, katika nyumba ya shangazi wa Bertha pale Kihesa, Iringa mjini, walipokwisha kurudi kutoka kufunguliwa bandeji, mama alitazama kwanza mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha alimtazama binti.

"Umekonda. Lete hilo soko."

Jibu la wasimamizi lilikuwa limefika alfajiri. Akaunti ilikuwa imefunguliwa, na mtu mmoja, bila kutaja jina lake, alikuwa ameongeza mstari wa kusema kwamba barua ile imesomwa kwa sauti ofisini kwao. Bertha aliingia, akageuza kioo.

Evarista akaona. Uwanja wa mawe, taa za rangi ya asali, na mamia ya watu wakipita: wenye mapanga, wenye mabawa, mmoja amepanda chui. Kila mmoja, binti alimwambia, ni mtu kweli, yuko nyumbani kwake, sasa hivi, anapumua. Mama aliinamisha kichwa upande, akakaribia hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya kitenge.

"Wote hawa?"

"Wote."

"Na hakuna hata mmoja aliyepewa kiti," alisema polepole. "Soko zima limesimama."

Aliendelea kutazama. Machozi yalimtoka katika jicho jipya, na Bertha alipotaka kuyafuta alimzuia, kwa kuwa daktari alisema lisiguswe.

"Yule wa kurudisha ni yupi?"

"Hayupo, mama. Hajaingia leo."

"Atakuja?"

"Ijumaa hakosi. Ananunua kwa ajili ya vita vya kesho."

"Basi akija muuzie mia yake kwa bei ya leo, usimpunguzie. Halafu mpelekee nyongeza tena. Sasa umwambie maana yake, asirudishe."

Bertha alifungua kifurushi cha posta ya Falme, akaanza kuhesabu maua ya buluu kuyatia ndani. Alipofika la tano, mama, ambaye sasa aliona, alimgusa kiwiko.

"Chota tena," alisema. "Hicho ni kiganja cha mtoto."